Mtu wa Kukuuliza Ulikuwa Wapi

Wiki ya tano tangu nifike Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Novemba 2013, niliugua malaria. Sisi tuliokulia baridi ya Njombe mwili hauna mazoea na mbu, na joto la Dar es Salaam lilikuwa halijaanza kunizoea. Nililala siku tano kwenye kitanda cha juu, Hosteli ya Mabibo, nimejifunika blanketi la nyumbani huku jasho linanitiririka. Katika siku hizo ilipita Jumatano, siku ya mafundisho. Ikapita Ijumaa, siku ya maombi. Ikapita Jumapili. Felosheni tatu, yaani vikundi vya ibada vya wanafunzi Wakristo, nilizokuwa nikizihudhuria kwa kupokezana zilikutana, zikaimba, zikatoa neema ya kufunga ibada, watu wakarudi vyumbani kwao. Hakuna aliyeuliza niko wapi.

Hawakuwa watu wabaya. Hawakunijua tu. Nilikuwa nimekaa nao mwezi mzima nikiingia wimbo wa kwanza umeshaanza na kutoka kabla mikono haijashikana kwa neema, nikiamini kwamba kuhudhuria ndiko kuwa na watu.

Aliyeniuguza ni mwenzangu wa kitanda cha chini, Mwislamu wa Pangani. Alinipeleka kituo cha afya nimemwegemea begani, na tuliporudi akawa ananiamsha kumeza mseto: vidonge vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu. Kila dozi alikuja nayo na kikombe cha uji wa mchele uliotiwa nazi, kwa sababu muuguzi alisema dawa ile imezwe na chakula chenye mafuta. Nilipoanza kupata nguvu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Wenzako wa kanisani mbona hawajaja?" Nilikosa la kumjibu.

Leo mimi ni mwalimu, na kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka wanakuja vijana wa usharika wetu na wa shuleni kuniuliza: "Madam, nikifika chuo nitapataje watu?" Wengi wanaogopa kupotea imani. Mimi huwaogopea upweke kwanza, kwa sababu nimeona mara nyingi upweke ndio unaotangulia, hayo mengine yakafuata nyuma yake. Kwa hiyo mdogo wangu, lengo lako muhula wa kwanza liwe moja: kufika mahali ambapo siku usipotokea, kuna mtu atakuuliza ulikuwa wapi. Nitakueleza namna ya kufika hapo kwa jinsi nilivyojifunza mwenyewe, baada ya ile malaria.

Kabla hujapanda basi

Nenda kwa mchungaji wako, paroko au katekista, uombe barua ya utambulisho. Vijana wengi huiona kama karatasi ya wazee. Barua ile ina kazi kubwa: inakulazimu kwenda kwa mtu, kusimama mbele yake na kutaja jina lako na unakotoka. Anaandika kwenye daftari, anachukua namba yako ya simu, na kuanzia siku hiyo wewe si sura tu kati ya sura mia tatu. Yangu ilikaa chini ya nguo kwenye begi miezi miwili. Ningeipeleka wiki ya kwanza, kuna mtu angekuwa na namba yangu nilipougua.

Siku hiyohiyo uliza ni nani wa kwenu yuko kwenye chuo unachokwenda. Waulize akina mama wa kwaya. Wanajua watoto wa kila nyumba wanasoma wapi. Kama shuleni ulikuwa UKWATA au TYCS, vile vyama vya wanafunzi Wakristo, tafuta waliokutangulia. Ukipata namba, andika ujumbe mfupi wenye ombi dogo na siku yake: "Bwana Yesu asifiwe dada. Mimi ni mtoto wa mwalimu fulani, usharika wa nyumbani. Nafika chuo Jumamosi. Naomba unionyeshe njia ya kanisani Jumapili hii." Ukimwambia "naomba unilee kiroho" atakuitikia kwa heshima, kisha hamtaonana, kwa maana hajui aanzie wapi. Ukimwomba akuonyeshe njia, atakuja, mtatembea pamoja dakika ishirini, na katika kutembea huko ndipo mtajuana.

Na ubebe kitu cha kugawa. Mimi nilibeba parachichi kumi na mbili za shambani kwa babu, bado ngumu. Chumba chetu tulikuwa sita kwenye karatasi na nane usiku, kwa sababu wawili walikuwa wanabebwa. Wakati ule vyumba vilikuwa haba na wenye vitanda waliwabeba wasio navyo. Zile parachichi ziliiva zote kwa mpigo siku ya nne. Usiku huo tulizikata kwa kisu kimoja, tukatia chumvi, tukala na mkate tumeketi chini, na hapo ndipo nilipoyashika majina ya wote. Karanga zinafaa, senene zinafaa, mihogo mikavu inafaa. Cha dukani hakina habari ya kusimulia. Cha kwenu kinawafanya watu waulize.

Foleni za wiki ya kwanza

Wiki ya kwanza chuo ni foleni: ya usajili, ya picha ya kitambulisho, ya chumba, ya kusaini mkopo. Usizipitishe umeinamia simu. Aliye mbele yako na aliye nyuma yako ni wageni kama wewe, na hamtakuwa tena wageni kiasi hicho maisha yenu yote. Ikifika wiki ya sita kila mtu ameshapata watu wake na milango imeanza kufungwa.

Rafiki yangu wa kwanza nilimpata hivyo. Alikuwa mbele yangu, binti wa Songea, akaniomba nimshikie nafasi akatoe nakala ya cheti. Aliporudi na mimi nikamwachia nafasi yangu nikanunue maji, nikarudi na chupa mbili. Hatukuzungumza habari za wokovu hata kidogo. Tulizungumza mahindi ya kwao na viazi vya kwetu, na mshangao wetu wa kuliona kwa macho jengo la Nkrumah ambalo siku zote tulikuwa tukiliona nyuma ya noti ya shilingi mia tano. Ilikuwa siku ya tatu aliponiuliza nasali wapi. Usianze na "umeokoka?" Anza na "nikushikie nafasi?"

Kuchagua felosheni

Vyuo vingi vya Tanzania utakuta zile zile: TAFES, ambayo ni ya kiinjili na haifungwi na dhehebu moja, USCF iliyo chini ya CCT, Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ambako utawakuta Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani na wenzao, CASFETA ya vijana wa TAG, kanisa la Assemblies of God, TMCS ya Wakatoliki, TUCASA ya Waadventista. Zote zitabandika matangazo, zote zitaandaa siku ya kuwakaribisha wa mwaka wa kwanza, na soda zitakuwepo. Nenda. Zunguka wiki tatu bila hatia yoyote. Wiki ya nne chagua moja na uwaambie kwamba umefika.

Nasisitiza moja kwa sababu mtu wa felosheni tatu ni mgeni mara tatu. Mimi niliona ni bidii: Jumatano huku, Ijumaa kule, Jumapili kwingine. Kumbe nilikuwa nakimbia kujulikana. Ukikaa sehemu moja kuna siku utachoka, utakosana na mtu, utaonekana huna raha, na huko ndiko urafiki unakoanzia. Mwenye kuhama kila akiguswa hafiki huko.

Namna ya kuchagua: usiangalie kinanda wala ukubwa wa spika. Angalia yanayotokea baada ya neema. Watu wanabaki nje wakizungumza au wanatawanyika? Walio mwaka wa tatu wanawasogelea wageni au wamesimama wenyewe kwa wenyewe? Mhasibu anasoma mapato na matumizi mbele ya wote? Ukisema una tesiti kesho, wanakuaga vizuri au unaonekana huna imani? Wanalisema kwa heshima kanisa lililokulea? Hilo la mwisho lisikupite. Anayekufundisha kumdharau mchungaji aliyekubariki kipaimara hakupeleki karibu na Mungu.

Yako mambo mawili nataka uyajue kabla hayajakukuta.

La kwanza ni fedha. Muhula wangu wa kwanza nilikwenda kwenye kesha, bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, lilikuwa limetoka siku mbili nyuma, na aliyeongoza akatuambia sisi wa mwaka wa kwanza tutoe fedha ile yote kama malimbuko, asiyetoa atafeli. Nilitoa nusu, huku nalia. Nikakaa wiki sita nikila mlo mmoja, na aliyenilisha ni yule binti wa Songea, ambaye bumu lake mwenyewe halikutosha. Kutoa sadaka ni furaha yangu hadi leo. Lakini kiasi kipange mwenyewe chumbani, mchana, ukiwa umeshaweka pembeni hela ya chakula na nauli. Kiongozi anayekupenda hawezi kukuacha na njaa.

La pili ni ndoto za uchumba. Atakuja kaka mmoja, au dada, mzuri wa maneno, aseme ameonyeshwa kwamba wewe ndiye mwenzi wake. Mjibu kwa utulivu: "Nashukuru, ila mimi sijaonyeshwa." Halafu mwambie dada mkubwa au mlezi wa felosheni. Mungu akitaka kukuoza hatamwambia mmoja akakuficha wewe. Nimeona mabinti wakiacha felosheni kabisa kwa aibu ya jambo hili, na wakiacha felosheni wakabaki peke yao mwaka mzima.

Beba viti

Hapa ndipo ninapotaka ukae.

Baada ya kupona nilichagua felosheni moja. Sitaitaja, ningependa uchague kwa macho yako. Jumapili ya kwanza nilikwenda mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ibada ikianza saa moja na nusu. Sikuwa na mpango wowote. Niliona aibu kuendelea kufika mwishoni. Nikawakuta kaka wawili na dada mmoja wanatoa viti vya plastiki stoo, vile vyeupe, vimepachikana kumi kumi, wanavipanga nje chini ya miti kwa ajili ya watakaokosa nafasi ndani. Nikasema, "Naomba nisaidie." Mmoja akanipa rundo bila hata kuniuliza jina.

Vile viti vikikaa wiki nzima vinanatana. Nikavuta cha juu kwa nguvu, rundo zima likaja. Yule kaka akacheka kidogo, akaja akashika kile cha juu kwa mikono miwili, akakizungusha kama mtu anayefungua mfuniko wa chupa, kikatoka chenyewe. "Usivute," akasema. "Zungusha kwanza." Kisha akanipa kitambaa kibichi nifute vumbi: mgongo kwanza, kiti baadaye, ili vumbi la mgongo lisichafue ulipokwisha kufuta. Viti themanini. Tulipomaliza jua lilikuwa limeanza kuwaka, dada yule akatoa chapati mbili kwenye kopo, tukazigawa watu wanne. Ndipo wakaniuliza jina.

Jumapili iliyofuata nikaenda tena. Na iliyofuata. Jumapili ya nne daladala ya Mabibo ilichelewa, nikafika Mlimani saa moja kamili. Nikiwa bado njiani simu yangu ya kitochi ikaita. "Dada Njombe, uko wapi? Viti vinakusubiri."

Nilisimama pale kituoni nikalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani mtu kunitafuta kwa sababu sipo.

Siku hiyo nilielewa kazi inafanya nini. Ukiwa mhudhuriaji, huna sababu ya kuongea na mtu wala mtu hana sababu ya kukungoja. Ukiwa na zamu, unayo sababu ya kufika hata siku ambayo moyo hautaki, mikono ina cha kufanya wakati mdomo haujui la kusema, na usipofika kuna pengo linaloonekana kwa macho: viti havijapangwa. Kwa mtu mwenye haya kama nilivyokuwa mimi, hiyo ni rehema kubwa. Huhitaji kuwa mchangamfu. Unahitaji kuwahi.

Tafuta kazi ambayo haigombewi. Kuongoza sifa kunagombewa, kushika maiki kunagombewa. Viti havigombewi. Kukunja nyaya za spika, kufagia ukumbi, kuchemsha chai siku ya semina, kuwasindikiza mabinti hosteli baada ya kesha, kuandika majina ya wageni, kupigia simu waliokosekana. Kama unaimba, kwaya ni mlango mzuri, maana mazoezi ni mara mbili tatu kwa wiki na sauti ya pili ikikosa mtu wote wanasikia. Ila usichukue kazi tatu. Chukua moja, uifanye muhula mzima bila kukosa, uone.

Kikundi kidogo

Wale wa viti waliniingiza kwenye kikundi chao cha kujifunza Biblia. Tulikuwa wanane. Jumatano saa kumi na mbili jioni, chini ya miti ileile, saa moja tu kwa sababu kila mtu alikuwa na la kusoma. Felosheni ya watu mia tatu ni nzuri kwa kuimba, lakini huwezi kuwaambia watu mia tatu kwamba baba ameacha kupokea simu zako. Kama felosheni yako ina vikundi, jiandikishe wiki hiyohiyo. Kama haina, tafuteni watu sita mpaka wanane muanze. Wakizidi kumi na wawili, wanyamavu watanyamaza moja kwa moja.

Tulichofanya ni hiki. Tulisoma sura moja, kila mtu akasema neno moja lililomgusa na moja asilolielewa. Kisha likaja swali moja, lilelile kila wiki: wiki hii nini kimekulemea? Dada mmoja aliandika majibu kwenye kaunta buku, jina, tarehe, ombi. Tuliomba. Na Jumatano iliyofuata, kabla ya kufungua Biblia, alisoma aliyoyaandika wiki iliyopita: "Ulisema mdogo wako amefukuzwa ada. Imekuwaje?"

Lile daftari ndilo lilikuwa kikundi chenyewe. Kuombewa ni jambo jema. Kukumbukwa wiki moja baadaye kunamfanya mtu aamini kwamba aliposema alisikilizwa. Mwenzetu mmoja alipofiwa na baba yake huko Dodoma, tulichanga nauli usiku uleule, wawili wakamsindikiza, na waliobaki wakamnakilia mihadhara yote ya wiki ile kwa mkono. Hakuna aliyetuagiza. Tulikuwa tumeshajua kwa miezi minne, kupitia daftari, kwamba baba anaumwa.

Siku hizi kila felosheni ina grupu la WhatsApp la watu mia na kitu. Linafaa kwa matangazo. Usilihesabu kuwa ni urafiki. Mwenzako akiandika pale kwamba anaumwa na watu arobaini wakaweka alama ya mikono ya maombi, wewe mpigie, uliza amekula nini.

Chumbani

Usiwaache watu wa chumbani kwa sababu umepata watu wa kanisani. Mtu anayelala mita moja kutoka kwako ndiye atakayejua usiku kwamba una homa. Chumba chetu tulikuwa na Waislamu watatu, Mkatoliki mmoja, Msabato mmoja na sisi wengine. Tulipatana mambo machache wiki ya pili, baada ya mimi kukosea: nilikuwa naamka saa kumi na moja naimba tenzi kwa sauti, nikidhani ndiyo ibada. Yule wa Pangani aliniambia, "Sauti yako nzuri, ila dada wa dirishani analala saa tisa, anasoma." Kuanzia siku hiyo nikawa natoka kwenda kuombea ngazini. Tukakubaliana anayeamka alfajiri atumie tochi ya simu, asiwashe taa. Tukapanga zamu ya kufagia, ya kuchota maji yanapokatika. Mwaliko wa kanisani ulikuwa wa wazi kwa yeyote, na kukataa kulikuwa sawa.

Ramadhani ilipoanza mwishoni mwa Juni 2014 tulikuwa kwenye mitihani. Mimi nilikuwa nikitoka maktaba jioni napitia tende na maji, nawatayarishia wenzangu wale watatu wakute mezani. Sikufanya hivyo ili nimgeuze mtu. Usimhesabu mwenzako wa chumba kama samaki wa kuvuliwa. Atalijua hilo kabla hujamaliza sentensi, na atakuwa na haki ya kuumia. Akikuuliza unaamini nini, mwambie kwa ukweli wote na bila kuficha. Asipokuuliza, mletee tende.

Masomo

Hapa nitapita haraka. Kikundi chako cha diskasheni kiwe na watu mchanganyiko, usijaze wapendwa watupu, yaani wenzako wa felosheni. Kwenye darasa la watu mia nane wa DS, somo la maendeleo, hutajulikana na mhadhiri, kwa hiyo watu watano wa kusoma nao ni lazima, na watakuwa marafiki wa kweli kama utafika umesoma. Gawa madesa yako, zile notisi za masomo. Usimwandikie mtu kazi, usiibie mtihani kwa ajili ya mtu, hata akiwa mzee wa maombi. Mtaelewana vizuri zaidi ukimfundisha usiku kabla ya tesiti. Wenzetu Waadventista wana shida yao ya tesiti za Jumamosi, na niliona walivyoshikamana: wa mwaka wa tatu walikuwa wakiwasaidia wa mwaka wa kwanza kuandika barua kwa mhadhiri mapema, wiki ya kwanza ya muhula. Ukiwa na jambo kama hilo usisubiri ratiba ibandikwe.

Ukipanga nje, na ukichelewa kuanza

Wengi wenu hamtapata hosteli. Utapanga geto Msewe, Changanyikeni au Sinza, na saa kumi na moja jioni utakuwa unawaza daladala wakati wengine wanaelekea felosheni. Mambo mawili yanasaidia. Tafuta mwenzako mmoja tu wa felosheni anayerudi njia yako, mpatane kurudi pamoja siku za ibada. Mabinti hasa, hilo ni suala la usalama pia. Na uingie jumuiya ya mtaani, ile ya nyumba kwa nyumba. Mtakuwa na wazee na watoto, utaitwa "mwanafunzi wetu", na siku ya Jumamosi utakula ugali wa mtu aliyekuzidi miaka thelathini. Mwanachuo anahitaji watu wasio wanachuo. Mimi nilimpata mama mmoja wa namna hiyo mwaka wa pili. Nilikuwa namsaidia mwanawe hesabu, yeye ananisuka nywele, na hizo saa tatu za kusukwa nilizungumza mambo ambayo kwenye kikundi sikuthubutu.

Labda unasoma hii ukiwa mwaka wa pili na huna mtu. Umechelewa kidogo, hujakosa. Nenda mapema Jumapili hii, shika rundo la viti. Watu hawatakuuliza ulikuwa wapi mwaka jana. Lakini kama huzuni imekuwa nzito, hulali, huli, umeacha kwenda darasani, usiishie kuombewa tu. Nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, nenda kituo cha afya, na umwombe rafiki au mlezi akusindikize. Niliwahi kumsindikiza mtu. Tulikaa kwenye benchi saa nzima bila kuongea, na aliniambia baadaye kwamba benchi ile ndiyo aliyoikumbuka.

Kabla ya kufunga chuo

Wiki ya mwisho ya muhula, kabla watu hawajatawanyika, kaa na lile daftari lenu uandike majina yote, wilaya wanakotoka, na namba ya simu ya nyumbani kwao, kwa sababu laini za wanachuo zinabadilika kila siku. Likizo ndefu mpigie kila mmoja mara moja. Usingoje kupigiwa. Waulize mvua, waulize mama anaendeleaje, waulize lile ombi la mwisho lilikwendaje. Na orodha hiyo isiwe ya wapendwa peke yao.

Krismasi ya 2016 nilikuwa nimeshamaliza chuo, niko nyumbani Njombe, ukungu bado haujainuka, tunajiandaa kwenda ibadani. Saa moja na dakika chache simu ikaita. Nikadhani ni watu wa kikundi. Alikuwa yule wa Pangani, sauti imejaa usingizi, ananiuliza kama tumeshachinja na kama mwaka huu parachichi za babu zimezaa.